Kombe la Undugu la Waendesha Baiskeli wa Njombe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mabibi zenu, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na watu watano wa Njombe waliopenda baiskeli kuliko walivyowapenda watu wa nyumbani kwao. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na aliyesinzia asithubutu kujibu.

Kila Jumamosi alfajiri watu hawa walivaa kaptula za kubana zenye mto makalioni, wakavaa kofia ngumu na miwani ya kung'aa kama mgongo wa inzi, wakapanda milima. Akina mama waliokwenda kuchuma chai walikuwa wakiulizana, "Hawa wanamkimbia nani?"

Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti Nyagawa, muuza saruji. Baiskeli yake ilikuwa ya kaboni. Aliipima kwenye mizani ya bucha, na uzito wake akautangaza kila mahali, hata msibani. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo mia na nne, ila hizo hakuzitaja.

Wa pili alikuwa Mwalimu Sigalla, mwalimu wa hesabu. Alifunga simu kwenye usukani impimie mwendo. Mlima ambao simu haikuuandika, kwake haukupandwa.

Wa tatu alikuwa Bi Editruda, fundi cherehani. Huyo alikuwa na mbio kuwashinda wote, na mkono wa birika kuwashinda wote.

Wa nne, Chengula, kinyozi, alipanda baiskeli ya chuma iliyolia kama mlango wa zizi. Wa mwisho, na kweli wa mwisho kila siku, alikuwa Mzee Mlowe, seremala mstaafu mwenye kisukari.

Mgongoni mwa jezi zao Bi Editruda alikuwa amedarizi maneno haya: HATUMWACHI MTU. Kila walipofika chini ya mlima waliyapaza kwa sauti moja. Kisha kila mmoja akawaacha wenzake.

Walikuwa pia na Kombe la Undugu. Sheria yake ilikuwa fupi: kila mwisho wa mwaka, mwanachama aliyesaidiwa na wenzake anampa kombe yule aliyemfaa zaidi. Mwenye kombe alitangulia mbele mwaka mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita hadi mlima wa kwanza. Mwaka uliotangulia Nyagawa alilipata kwa kumwazima Sigalla pampu. Picha arobaini zilipigwa, na pampu yenyewe ilikuwa mbovu.

Basi ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwaka. Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Mzee Mlowe alijidunga dawa yake ya sukari, akachelea kuchelewa, akaondoka bila kula. Chini ya mlima mkubwa Nyagawa akasema, "Tangulieni. Leo tena nakaa nyuma niwalinde."

"Huyo ndiye mwenyekiti!" wakamsifu.

Chengula akamwambia Bi Editruda, "Dada, una chochote cha kutia mdomoni? Njaa inaniuma."

"Sina kitu, kaka. Hata punje."

Wakapanda. Mzee Mlowe akabaki nyuma. Katikati ya mlima mikono ikaanza kumtetemeka, jasho la baridi likamtoka, macho yakaona barabara mbili. Akachagua ile isiyokuwepo. Akaanguka mtaroni, chini ya michai, akashindwa kuinuka. Hakuna aliyemwona.

Chengula alipofika kileleni alidhani Bi Editruda mwenye mbio ameshatangulia; akatazama nyuma, akamngoja mzee, akamngoja tena. "Mzee hayupo!" Akageuza baiskeli palepale. Akafika njia panda, akawaza: mzee huyu anaogopa malori, lazima amepita barabara ya zamani ya vumbi. Akaishika hiyo. Akapotelea ukunguni akiita, "Mzee Mlowe! Mzee Mlowe ee!"

Sigalla naye aligeuza baiskeli. Kwa ajili ya mzee? Thubutu! Simu yake ilikuwa imechomoka njiani. Akashuka polepole, macho chini, hadi akaona miguu mtaroni.

"Kamwene, mzee," akamsalimia. "Hujaiona simu yangu?"

Mzee akakoroma tu. Sigalla akainama kumtazama, akaona midomo imekuwa ya majivu, akapiga yowe. Michai ikachezacheza, na Bi Editruda akatokea humo, chupa ya asali mkononi, kidevu kinang'aa. Alikuwa amejificha anywe peke yake.

"Ni dawa yangu ya kifua," akasema kabla hajaulizwa.

"Mpe mzee! Sukari imemshuka!"

Akaitazama asali. Akamtazama mzee. Akamtazama na Sigalla, ambaye angekwenda kusimulia. Ndipo akapiga magoti, akampaka mzee asali kwenye ufizi, kidogo kidogo, hadi mzee akaanza kumeza.

Wakati huohuo pikapu ikapanda mlima. Bi Editruda akasimama katikati ya barabara. Ndani, karibu na dereva, palikuwa na mtu aliyejikunja chini ya kioo akinong'ona, "Pita! Pita!"

"Nipite wapi, bosi? Juu ya mtu?" dereva akamjibu, akafunga breki.

Mlango ulipofunguliwa, akaonekana Mwenyekiti Nyagawa na nusu ya chapati. Nyuma, chini ya turubai, baiskeli ya kaboni ilikuwa imelala salama. Mlima ule alikuwa akiupanda kwa pikapu mwaka wa tatu sasa.

Hakuna aliyecheka. Walimpakia mzee, wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema, "Mngechelewa nusu saa, mngeniletea maiti."

Na Chengula? Aliita hadi sauti ikakauka. Alianguka mara mbili, akavunjika jino. Mchana mzima watu walimtafuta, wakamkuta kwenye daraja bovu, bado anaita.

Wiki moja baadaye wakakusanyika nyumbani kwa Mzee Mlowe. Mkewe akamwekea mzee kombe mapajani.

Sigalla akasimama. "Mimi ndiye niliyekuona. Asiyeonekana haokolewi."

"Ulikuwa unatafuta simu," akasema Bi Editruda. "Asali ni yangu. Bila asali angeona nini huyo mzee, zaidi ya jeneza?"

"Asali uliyotunyima!" akadakia Nyagawa. "Gari ni langu. Mngembeba kwa kaptula zenu?"

"Gari la wizi wa mlima!" wakamjibu wote wawili.

Chengula alikuwa akipapasa pengo kwa ulimi. Mwishowe akasema, "Mimi sikumpata. Lakini ni mimi peke yangu niliyemtafuta."

Nyagawa akacheka. "Na sisi tukakutafuta wewe! Undugu gani huo wa kuongeza mgonjwa?"

Mke wa mzee akasema, "Mwanangu Chengula, moyo wako nimeuona, Mungu akubariki. Ila kama wote wangekuwa kama wewe siku ile, leo mimi ningekuwa mjane."

"Na kama wote wangekuwa kama wao, mama?" Chengula akauliza. "Siku simu isipoanguka, je?"

Mzee Mlowe akalishika kombe kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja. Watatu walimwokoa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimfikiria. Mmoja alimfikiria, na hakumfaa kwa lolote. Akafungua mdomo ataje jina.

Jina hilo silisemi mimi. Mnatazamana nini? Kombe liko mapajani mwenu sasa. Haya, semeni: Mwalimu aliyemwona, Editruda aliyemlisha, Mwenyekiti aliyembeba, au Chengula aliyempenda? Je, nani alistahili?