Zimwi Aliyeambiwa Apige Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na Mashavu, mama wa mashaka, macho makali kuliko wembe!

Basi, hapo kale palikuwa na kijiji chini ya kilima. Juu yake palikuwa na msitu, na ndani ya msitu chemchemi. Mila ya wanakijiji ilikuwa hivi: anayetaka kuni au dawa husimama ukingoni mwa msitu, apige hodi mara tatu, angoje kuitikiwa. Lakini nani alikuwa na muda wa kungoja? Hodi ya tatu ilipigwa mtu yumo ndani tayari, shoka limeshalia.

Siku moja akaja mgeni mpole, shuka nyeupe, gunia begani.

"Jamani, nyuki hawa ni wa nani?"

Watu wakacheka. "Nyuki? Si wa mtu."

"Basi niwachukue?"

"Chukua, baba! Wanatuuma tu."

Mashavu alikuwa akitwanga, mtoto mgongoni. Akamtazama. Jua la saa sita, mgeni hatoki jasho. Nzi hawatui mwilini mwake.

"Huyo si mtu," akasema.

"Wee Mashavu!" jirani yake Mwanjaa akamcheka. "Hata mumeo ulimshuku mwaka mzima kabla hujamkubali."

"Na sikukosea."

Mgeni akaondoka na nyuki guniani, na msimu huo maboga yakatoa maua, yasizae.

Siku moja tena mgeni akarudi. "Ndege hawa ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Basi niwachukue?"

"Wachukue, wanatumalizia mtama!"

Ndege wakaingia guniani. Wakaja viwavi, wakala mtama wote, wakabakiza mabua.

Mara ya tatu mgeni akasimama penye chemchemi. Watu walikuwa wamekonda. Mashavu maziwa yamemkauka, mtoto wake anaishi kwa maji yale na uji mwepesi.

"Maji haya ni ya nani?"

Mwanjaa akafungua kinywa. Mashavu akamziba kwa kiganja.

"Yana wenyewe."

"Nani? Wewe?"

"Mimi nayanywa tu. Wenyewe ni chura, na kaa, na mizizi ile. Wapigie hodi. Wakikuitikia, chukua."

Mgeni akacheka, meno yakatokeza, marefu kama michi. Zimwi! Watu wakarudi nyuma. Na zimwi hawezi kuchukua chenye mwenyewe bila ruhusa; ndiyo maana huuliza kwanza.

"Na wewe Mashavu," akasema, "uliitikiwa lini?"

Mashavu akalikumbuka shoka lake, jinsi lilivyolia kabla hajaitikiwa. Lakini hakutoka njiani.

"Piga hodi."

Zimwi akamwinamia chura. "Hodi!" Kimya.

Akamwinamia kaa. "Hodi!" Kimya.

Akaiinamia mizizi, hasira zimempanda, akanguruma mpaka kilima kikatikisika. "HODI!"

Akaitikiwa. Lakini sauti ilitoka guniani: vuuuu! Nyuki walikuwa wakingoja kuulizwa tangu siku ile. Gunia likapasuka, ndege wakaruka, nyuki wakamvaa zimwi machoni, masikioni, kinywani. Akakimbia kilima hadi kilima, na hakuonekana tena.

Watu wakapiga vigelegele. Mashavu hakupiga. Mtama ulikuwa umekwisha kuliwa, na njaa ya mwaka ule iliwabana wote.

Kesho yake akaenda kutafuta kuni. Akasimama ukingoni. Akapiga hodi, akapiga hodi, akapiga hodi. Akangoja.

Mwanjaa akamkuta pale. "Shoga, zimwi si ameshakimbia? Unamshuku nani tena?"

"Sisi."

Msitu ulikaa kimya. Mashavu akageuka, akarudi nyumbani, akapika uji kwa moto wa mabua.

Hadithi yangu imekomea hapo, jikoni kwa Mashavu. Funzo lake ni hili: tunachokikuta msituni si cha bure. Tuombe kwanza, na tusipoitikiwa, turudi nyumbani.