Mikono ya Msusi

Mtu akiumwa na kiroboto hukung'uta godoro, hufagia uvungu wa kitanda, hata humshuku mgeni aliyelala hapo juzi. Vazi alilolivaa hulikumbuka mwisho. Ndiyo maana tukaachiwa methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, yaani kinachomdhuru mtu mara nyingi kiko karibu naye kuliko anavyodhani. Wengi huitumia methali hii kuwanyoshea kidole ndugu na marafiki. Msusi mmoja naye aliitumia hivyo, na gharama yake haikuwa ndogo.

Msusi huyo alijulikana kwa jina la Vidole. Wateja ndio waliombandika jina hilo, kwa kuwa mistari aliyoisuka ilinyooka kama iliyopigwa rula, na mteja aliweza kusinzia asijue kama anasukwa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vitatu na kikausha nywele kilichonguruma kama paka aliyeshiba. Alifanya kazi na wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye aliosha vichwa, alichambua nywele za kuongezea, alisuka pia wateja walipozidi, na kila asubuhi alikuja na chupa ya chai. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Mteja mgeni angeapa kuwa wametoka tumbo moja.

Mambo yalianza kama mzaha. Asubuhi moja Vidole aliamka, akashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Mikono ilikuwa imekakamaa kama kamba iliyoloa ikakauka. Ilipofika saa nne ikalegea, naye akasahau. Wiki chache baadaye maungio ya vidole yakavimba, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, yakawa na joto. Uchovu nao ukamwelemea kabla hata ya kazi kuanza. Kichwa alichokuwa akikimaliza kwa saa mbili sasa kilimla mchana kutwa, na mistari ikaanza kupinda. Siku moja mteja alijitazama kwenye kioo, kisha akamgeukia wifi. "Dada, naomba unimalizie wewe," alisema kwa upole. Upole huo ulimchoma Vidole kuliko matusi.

Jirani yake, mwanamke aliyeuza viatu mlango wa pili, aliyaona yote. "Shoga yangu, hukuanguka, hukujikata, homa huna," alimwambia. "Anayekupa chai kila siku ni nani? Na wewe ukishindwa kazi, wateja watabaki na nani? Fumbua macho. Kikulacho ki nguoni mwako."

Vidole alimkemea, lakini neno lilikwisha kuingia. Akaanza kuinusa chai kabla ya kuinywa. Akaanza kuhesabu ni wateja wangapi walimtaka wifi. Hatimaye, asubuhi moja kabla mteja yeyote hajafika, alikisukuma kikombe mezani.

"Leo kunywa wewe kwanza."

Wifi alicheka, akidhani ni utani wao wa kawaida. Alipoona mwenzake hacheki, alikichukua kikombe, akanywa chai yote akiwa amesimama, macho yake hayakubanduka usoni pa Vidole.

"Tangu lini, wifi?" aliuliza.

"Tangu mikono yangu ilipoanza kufa na yako ikaanza kusifiwa."

Wifi alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaondoka.

Miezi miwili ilipita. Chai ilikoma, wifi hakuonekana, lakini maradhi yalizidi kusonga mbele. Viwiko vya mikono viliuma, magoti yakafuata. Vidole hakuweza tena kuinua sufuria wala kukamua kitambaa. Mumewe, aliyekuwa amekaa kimya kama maji mtungini kati ya mke na dada, siku moja alishindwa kuvumilia.

"Dada yangu hajakanyaga hapa tangu siku ile," alisema. "Chai yake huinywi. Sasa huyo anayekula mikono yako anaingilia mlango gani?"

Kesho yake wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hakuwa na haraka. Alibonyeza ungio moja baada ya jingine, akaagiza damu ipimwe na mikono ipigwe picha. Majibu yalipotoka, aliwaita wote wawili.

"Mama, kazini umewahi kujikata kwa mkasi?"

"Mara nyingi."

"Kidonda kilikuwaje?"

"Kilivimba, kikawa na joto, kikauma, halafu kikapona."

"Uvimbe ule uliletwa na askari wako mwenyewe," daktari alisema. "Damu ina chembe nyeupe. Zipo zinazowahi pale palipoingiliwa na kumeza vijidudu bila kuuliza jina. Zipo nyingine zinazochelewa, lakini hizo hujifunza sura ya adui na kumtengenezea silaha inayomfaa yeye tu. Silaha hiyo tunaiita kingamwili. Vita vikiisha, baadhi ya askari hubaki wakimkumbuka adui yule, akirudi wanamwahi. Chanjo nayo ni hivyo hivyo: unawaonyesha sura yake kabla hajafika."

"Basi mimi nimeingiliwa na nani?"

"Hakuna aliyekuingilia. Askari hawa hufundishwa kutambua kilicho chako na kilicho kigeni. Kwako wamekosea. Wameyaona maungio yako kama adui, na wanayapiga kwa nguvu zile zile ambazo wangempigia mdudu. Kwa nini wanakosea, hatujui yote. Ninachojua ni kwamba si sumu na si mkono wa mtu."

Vidole aliitazama mikono yake. "Kumbe mlinzi anaweza kumpiga wa nyumbani," alisema, "akidhani analinda." Daktari alidhani anazungumzia ugonjwa. Mumewe aliinamisha kichwa.

Alipewa dawa za kuwatuliza askari hao, pamoja na maonyo. Maradhi hayataondoka kabisa, bali yanaweza kuzuiwa. Na kwa kuwa mlinzi aliyetulizwa huenda akachelewa kumwona mwizi wa kweli, anawe mikono vizuri, na akipata homa asingoje ipite yenyewe.

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wifi yake, akamkuta sebuleni akimsuka mteja.

"Wifi, nilikusingizia," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Wifi aliumaliza mstari aliokuwa ameuanza. "Umekuja kwa sababu unaniamini, au kwa sababu daktari amekwambia?"

Ingekuwa rahisi kudanganya. "Daktari ndiye aliyenionyesha," Vidole alijibu. "Kukuamini ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya."

Mteja alikaa bila kutikisa kichwa. Hata kupumua alipumua kwa tahadhari.

"Uliniumiza," wifi alisema. "Siwezi kusema yameisha leo."

"Sikuombi yaishe leo."

Wifi alimtazama, macho yake yakashuka hadi kwenye mikono iliyovimba. "Inauma zaidi wakati gani?"

"Asubuhi."

Alivuta kiti kwa mguu, mikono yake ikiwa bado kwenye nywele za mteja. "Keti. Umesimama mno."

Dawa zilichukua miezi kadhaa kufanya kazi. Uvimbe ulipungua, ingawa mikono haikurudia wepesi wake wa zamani. Wifi alirudi saluni baada ya muda mrefu, na imani ikamfuata polepole, ikichechemea. Vidole alisuka mistari michache kwa siku, mingine akaielekeza kwa mdomo. Wateja wakazoea.

Mteja mmoja alipomuuliza kama aliwahi kumjua aliyemfanyia mabaya yale, alitabasamu. "Nilimjua," alisema. "Wawili, tena. Mmoja alikuwa damuni mwangu, mwingine moyoni mwangu, na wote nilizunguka nao huku nikiwatafuta kwa watu."

Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.