Marufuku ya Mbuzi Wakati wa Masika

Masika yakikaribia, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa wetu, Mzee Semboja, hupita na kipaza sauti: zibueni mitaro, fyekeni nyasi, funikeni matangi. Mwaka ule aliongeza jingine, akaja kulitangazia mlangoni kwangu.

"Mbuzi marufuku mpaka mvua ziishe! Wanatuchafulia njia. We Sekiete, huyo wako kesho ni supu ya mkutano."

Nilimkumbatia mbuzi wangu shingoni. Majirani walishajaa, maana wanajua mimi kwa maneno sishikiki.

"Shikamoo, mzee. Marufuku ni mbuzi wa aina gani?"

"Wa aina yoyote!"

"Na akipatikana nyumbani kwa kiongozi?"

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kwangu? Kijana, ukipata mbuzi kwangu, sheria naifuta papa hapa, na huyo wako namkatia majani mwenyewe masika yote!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Nikavuka njia mpaka dirisha la jikoni kwake. "Mama, shikamoo! Naomba uniazime mbuzi!"

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalizie kifuu hiki."

Akatoka nayo kwapani, mbuzi ya kukunia nazi, chembe za nazi bado zimenasa kwenye meno yake.

"Ah! Hiyo si ya nazi?" mzee akafoka.

"Aina yoyote, mzee wangu."

Majirani walikuwa hoi kwa kicheko. Mzee Semboja alimtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akakunja mikono ya shati.

"Lete mundu," akasema.