Nailoni za Bi Pimbi

Enzi zile wanyama walipokuwa na ulimi mmoja wa kusemea na mwingine wa kudanganyia, theluji iliwahi kushuka mlimani. Mboga zikafa zote. Simba, aliyezoea kujigamba kwamba majani ni chakula cha wanyonge, akaanza kuvuja damu ufizini. Mganga akamwamuru ale spinachi. Mfalme mzima!

Spinachi ilibaki kwa mmoja tu, Bi Pimbi, mjane mwenye watoto sita. Alikuwa amepinda fito juu ya matuta yake na kutandaza nailoni, na chini yake mboga zilinawiri kana kwamba hazijapata habari za theluji.

Sungura naye alikuwa na shamba, ila msimu wote alishikwa na shughuli nzito ya kuwacheka wanaolima. Sasa akaenda kwa Simba, akasujudu mpaka masikio yakagusa sakafu.

"Mfalme wangu, unajua kwa nini Pimbi amefunika mboga? Eti jicho lako lina husuda."

"Mimi? Nihusudu majani?" Simba akanguruma, ufizi ukamchoma.

"Hata mimi limeniuma. Nipe hizo nailoni. Siku ya kumi utakula spinachi, tena bila matusi."

Simba akatoa amri papo hapo. Sungura akazibeba nailoni zote, pamoja na miche mia moja aliyoing'oa kwa manufaa ya umma.

"Bwana Sungura, wanangu watakula nini?" akauliza Pimbi.

"Watakula utii, Bi Pimbi. Haunenepeshi, lakini hurefusha maisha."

Pimbi akalia, kisha akafuta machozi akaenda kukata nyasi. Kila jioni alizifunika mboga zilizosalia; kila asubuhi alikung'uta theluji, na jua likipanda akazifunua. Mgongo ulimuuma vibaya. Nusu ya mboga ilikufa, nusu ikapona.

Sungura alipanda, akafunika, akabana kingo kwa mawe, akaenda kulala. Kazi ya wenye akili huisha siku moja.

Siku ya kumi Simba akaja na baraza zima. Fisi alitangulia na mabakuli mawili, la pili la nyongeza. Sungura akavuta nailoni kwa mbwembwe. Ikatoka harufu iliyomrudisha nyuma hata Fisi. Spinachi ilikuwa uji mweusi.

"Ndiyo hii?" akauliza Simba.

"Ni... ni aina ya kifalme, mtukufu."

"Basi onja."

Sungura akaonja. Macho yakamtoka.

"Mchana ulikuwa ukizifunua zipate hewa?" akauliza Pimbi.

"Nizifunue? Si ndiyo maana nailoni zikaitwa vifuniko!"

Baraza likaangua kicheko. Pimbi akamwekea Simba fungu la spinachi mbichi aliyoichuma kwenye matuta yake. Simba akala, na kwa kuwa wafalme hawaombi radhi, akakohoa. Kisha akaamuru nailoni zirudishwe kwa mwenyewe, na Sungura awe akifunua na kufunika matuta ya Pimbi, tuta kwa tuta, hadi theluji iyeyuke.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.