Mbeleko Iliyompigisha Ngiri Magoti

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Sogezeni mikeka. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kuvaa nguo kama sisi, kulitokea ukame. Mto ukakauka mpaka vyura wakahama. Wanyama wakachimba kisima kirefu, na kwa kuwa meno ya Ngiri ndiyo yaliyochimba kuliko ya wote, wakamfanya msimamizi wa maji. Kosa hilo! Mpe mtu kata ya maji wakati wa kiu, ndipo utamjua.

Ngiri akatoa amri. "Asiyefanya kazi hanywi! Mtatwanga mtama wa wachimbaji, mtaleta kuni, mtateka maji. Na sitaki kuona mtu amesimamasimama!"

Basi palikuwa na Bi Tumbili, mama wa mtoto mchanga aitwaye Chiku. Nyumbani hakuwa na mtu wa kumwachia, na chini siafu walikuwa wamejaa. Kwa hiyo alimbeba mgongoni kwa mbeleko aliyoachiwa na bibi yake. Kila akifunga fundo aliimba alivyofundishwa. Imbeni nami:

*Uso nje, apumue,*
*Shingo shika, isilegee,*
*Goti piga, usiiname!*

Siku ya kwanza Bi Tumbili alikuwa anatwanga. Akahisi kidevu cha Chiku kimeangukia kifuani. Akaweka mchi chini, akamwinua kichwa, akakaza mbeleko.

"Wee! Umesimama!" Ngiri akafoka.

"Namtazama mwanangu, bwana mkubwa."

"Hapa tunatwanga mtama, hatutazami watoto. Leo hunywi!" Akaichukua kata ya Bi Tumbili, akaimwaga chini mbele ya macho yake. Maji! Wakati wa ukame! Mnasikia jambo hilo?

Siku ya pili walikwenda kuni. Wenzake walipita katikati ya miiba, Bi Tumbili akazunguka.

"Wenzako wamepita hapa hapa," Ngiri akasema.

"Wenzangu hawana mtoto mgongoni. Miiba ingemchoma macho."

"Leo hunywi!" Akaimwaga kata.

Siku ya tatu walikuwa kisimani. Wote waliinama wakateka. Bi Tumbili akapiga magoti polepole, mgongo umenyooka, akateka.

"Unasali?" Ngiri akacheka mpaka akajishika mbavu. "Inama kama wenzako!"

"Nikiinama mtoto atachomoka."

"Hunywi!" Akaimwaga kata.

Na wale wengine je? Twiga kimya. Pundamilia kimya. Kila mmoja na kata yake mdomoni. Mimi kila nikifika hapa damu hunichemka.

Jioni Chiku akanyonya ziwa la kulia, hakuna kitu. Akanyonya la kushoto, hakuna kitu. Akalia bila machozi. Bi Tumbili akamtazama midomo ilivyokauka, akasema, "Basi, imetosha."

Kulipokucha akaenda kusimama kisimani, mbele ya wote.

"Ngiri! Wewe ulizaliwa na nani, na jiwe? Hukubebwa? Siku tatu unamwaga maji ya mwanangu kwa sababu nimesimama kumtazama kama anapumua! Leo mbebe mwanao. Fanya kazi zote tatu bila kusimama. Ukiweza, mimi nahama. Ukishindwa, mama mwenye mtoto atakunywa kwanza."

"Kubeba mtoto nako ni kazi?" Ngiri akacheka. "Mama watoto, nipe huyo mdogo!"

Mama Ngiri, mkewe, akasitasita, lakini nani wa kumkatalia Ngiri? Akampa.

"Ngoja nikuonyeshe kufunga," Bi Tumbili akasema, maana mtoto hana kosa.

"Unifundishe mimi kufunga nguo? Hebu nitokee hapa!"

Akamfunga chini kiunoni, nguo imelegea kama gunia tupu. Akamfunika gubigubi, kichwa na pua, eti vumbi lisimwingie.

Akatwanga. Kichwa cha mtoto kikawa kinapiga huku na huku, mtoto akalia. "Nyamaza!" Bi Tumbili akaimba nyuma yake, *Uso nje, apumue!* Ngiri hakusikia.

Akaenda kuni. Akapita katikati ya miiba, ikaivuta nguo, ikaichana. Mtoto akalia kwa sauti ndogo. Bi Tumbili akaimba, *Shingo shika, isilegee!* Ngiri hakusikia.

Halafu mtoto akanyamaza.

"Mnaona?" Ngiri akajisifu. "Amelala. Kelele zote zile za nini?"

Lakini mtoto anayelala hanyamazi ghafla hivyo. "Ngiri, simama! Mfunue!" Bi Tumbili akapiga kelele akimkimbilia.

"Sisimami!" Ngiri akafika kisimani, akainama, makalio juu, kichwa chini. Mtoto akateleza mgongoni, akapita shingoni, akapita masikioni. Chubwi!

Mama Ngiri akapiga yowe. Ngiri akaduwaa. Bi Tumbili hakungoja. Alimfungua Chiku, akamtia mikononi mwa Mama Ngiri. "Nishikie. Uso nje!" Akaiuma mbeleko kwa meno, akateremka kisimani kwa kamba ya kutekea. Akampapasa mtoto matopeni, akamfunga kifuani kwa ile mbeleko, akapanda.

Akamfuta tope puani. Akamlaza kifudifudi mkononi, akamsugua mgongo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, "Chya!" Mtoto akapiga chafya, akaangua kilio, na mama yake naye akaangua kilio.

"Dada," Ngiri akasema, "nilidhani amelala."

"Alikuwa anakosa hewa! Aliponyamaza ukafurahi! Mtoto akinyamaza ndipo unamfunua umtazame, mpumbavu wee!"

Ngiri akapiga magoti ya mbele. "Nisamehe."

"Baki hapo hapo," Bi Tumbili akamwambia. "Hayo ndiyo magoti uliyoyacheka."

Akaichukua kata mkononi mwa Ngiri, akateka, akanywa mpaka tone la mwisho. Akateka ya pili, akanywa. Ya tatu akampa Mama Ngiri. Wale wengine wakasimama kando na kiu yao, wakasubiri. Kisha akamchukua Chiku, akampa ziwa, na baada ya muda maziwa yakatoka.

Tangu siku hiyo Ngiri haamini tena kuinama. Mkimkuta porini anakula majani, mtazameni vizuri: amepiga magoti ya mbele, yeye na wanawe na wajukuu zake.

Funzo ni hili, na nyinyi akina baba mlioegemea ukuta mlisikie vizuri: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama akisimama kazini kumtazama mtoto mgongoni, hiyo nayo ni kazi, na ndiyo kubwa. Usimmwagie maji yake. Mtekee.

Hadithi yangu naitua hapa, taratibu kama anavyotuliwa mtoto aliyelala. Ikiwa tamu, ibebeni mwende nayo. Ikiwa chungu, mwachieni Ngiri.