Kitovu cha Nanzia

Mnanicheka nikitoka sokoni na kuingia nyumba ya jirani. Chekeni, mkimaliza nisikilizeni.

Zamani hizo, huku kwetu milimani hakukuwa na njia hata moja. Za nini? Kitovu cha mtoto kilipodondoka, mkunga alikizika mlangoni kwao, na maisha yote mtu huyo alihisi tumbo likimvuta taratibu kuelekea nyumbani. Watu walitembea ndani ya ukungu nusu wamelala, na bado walifika.

Mwaka mmoja wa njaa, ukoo mzima ulihama. Njiani Namkunda akajifungua binti, Nanzia. Kitovu kilipodondoka hapakuwa na mlango wa kukizika, basi mkunga Nakijwa akakifunga kwenye pindo la nguo yake. Walipofika makao mapya, fundo lilikuwa limefunguka na kitovu hakipo. Aibu ikamshika. Akazika jani tupu, akanyamaza.

Nanzia akakua. Akitumwa kisimani, alielekea msituni huku akitabasamu. Kitovu chake kilikuwa kikipeperushwa na upepo milimani, leo mashariki, kesho magharibi, na tumbo likamvuta hukohuko. Alipotimiza miaka saba aliingia kwenye ukungu, hakurudi. Siku ya tatu Namkunda alikuwa hali wala halali.

Ndipo Nakijwa akaja ameshika jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha.

"Nilizika jani tupu, mwanangu. Mtoto wako nimempoteza mimi."

Namkunda alilia sana. Kisha akalipokea lile jani, na likishapokewa, kosa limekwisha.

"Haya mama, twende tukamtafute."

Vitovu vyao wenyewe vilibaki makao ya zamani, basi wakaenda wakichomeka matawi ya sale kila walipopita ili wapate kurudi, Nakijwa akiita, Namkunda akiitikia. Walimkuta bondeni amelala kwenye majani marefu, amekonda, yu hai. Wakarudi wote watatu wakifuata matawi yale. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kwanza katika nchi hii.

Nanzia aliolewa, akazaa, na uzao wake umetapakaa kila mahali. Kuanzia hapo wako watu wanaofika wakiwa wamefumba macho, na wako wanaopotea kati ya kisima na jiko. Masale nayo yanaota kando ya njia zetu mpaka leo.

Bibi yangu alikuwa wa uzao wa Nanzia. Kwa hiyo kesho mkiniona nimesimama njia panda, nasikiliza upepo, msinipigie kelele. Njooni mnishike mkono.