Siku za Njiani ni za Nani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa njia.
Na wapitao!

Njia ni ile ile. Mbona ya kumpeleka umpendaye ni fupi, na ya kumrudisha haiishi? Kitendawili hicho nilitegewa na bibi yangu, sijakitegua hadi leo. Nyinyi je? Nanyi mmeshindwa. Basi sikilizeni.

Hapo kale alikuwako mwuza chumvi, jina lake Faki, mwenye wake wawili. Mashavu alikaa mji wa Vumbani. Kazija alikaa mji wa Shangwe, mbali huko. Zamu yao ilikuwa mwezi kwa mwezi, na siku za njiani zilikatwa kwenye zamu ya anayeendewa.

Zamu ya Mashavu ikaanza. Akapika, akafukiza udi, akangoja. Nusu ya mwezi ikaisha, ndipo Faki akatokea.

“Mvua, mke wangu. Njia ndefu.”

Zamu ya pili akachelewa.

“Mto umejaa, mke wangu. Njia ndefu.”

Zamu ya tatu akachelewa zaidi.

“Miji imeachana, mke wangu. Njia ndefu!”

Mashavu akampakulia chakula. Lakini moyoni? Moto wa makumbi ya nazi! Kila alipofumba macho alimwona Kazija akimvuta Faki kanzu: “Kaa kidogo, bwana.” Msimcheke, jamani. Nani hapa hajawahi kumhesabia mwenzake siku?

Safari iliyofuata akamtwika Faki mkungu wa ndizi mbichi. “Mpe mwenzangu, aniambie zimefikaje.”

Zikafika nyeusi, zinachuruzika.

“Mimi ndiye wa kulishwa maozo?” Kazija akafoka. Akakata mkungu mbichi uani kwake, akajitwika, akamwacha Faki kinywa wazi. Tii, tii, tii, mpaka mlangoni kwa Mashavu. Akaubwaga.

“Haya! Ndizi hupelekwa mtu zikiwa hivi, kama hukufunzwa kwenu!”

Mashavu akajifunga kibwebwe. Kisha akazitazama. Mbichi! Utomvu haujakauka.

“We Kazija, umeondoka lini?”

“Jana.”

“Jana ipi?”

“Kwani jana ziko ngapi? Nimelala mara moja tu, kituoni pale katikati ya njia, na wacheza bao wakipiga kelele: ‘Faki wa chumvi harudi? Kete zake zinamngoja!’”

Wakatazamana. Njia ya mwongo ni fupi.

“Nami hunijia mwezi umeliwa nusu,” Kazija akasema taratibu. “Nikadhani ni wewe unayemzuia.”

“Nami nikadhani wewe.”

Wivu haukufa siku ile, msidanganyike. Lakini wakakata shauri: Faki asisafiri tena peke yake. Zamu ikiisha, mke amsindikize hadi kituoni, mwenzake ampokee pale pale.

Zamu ya Mashavu ilipoisha, Faki akalalamika mguu. Mashavu akamshika mkono, akampitisha mbele ya wacheza bao bila kugeuka, akautia mkono ule katika mkono wa Kazija. Na mkono wa Mashavu ndio uliokuwa wa mwisho kuachia.

Hapo ngano yangu imetua mzigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.